Siku moja maishani mwangu: mwigizaji wa vichekesho, Mji Mkongwe

Saa 11:30 alfajiri. Baada ya swala, skripti. Leo kuna kurasa sita, na ukurasa mmoja hutoa takriban dakika moja ya kipindi. Husomwa kwa sauti, penseli mkononi: mkono unapanda kwenye neno gani, jicho linageuka lini. Sini kubwa, yaani onyesho kuu la leo, ni ya mzee anayeletewa barua ya posa. Anaitikisa bahasha sikioni, ananyamaza, kisha anamuuliza mshenga, "Mbona nyepesi?" Kichekesho kizima kimo kwenye kule kunyamaza. Kukiwa kufupi, mtazamaji hajapata nafasi ya kuwaza pesa. Kukiwa kurefu, ameshafika kabla yako. Mimi huhesabu mbili kimoyomoyo, kisha nasema.

Saa 1:00 asubuhi. Tuko barazani, kwenye kichochoro. Kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni kimo kwenye faili, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ameshaarifiwa. Kibali bila ya sheha hakitoshi: wakaazi wakiuliza nyinyi nani, yeye ndiye wa kuwajibu. Begi la kamera limeletwa mapema, linaachwa limefungwa kwa nusu saa. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi ikikutana na unyevu wetu, lenzi hufanya ukungu, na kuifuta ni kazi bure mpaka kioo kipate joto la nje.

Saa 2:00. Mavazi na maiki, na hapa haraka haitakiwi. Kanzu ya poliesta hukwaruza maiki, kwa hiyo huvaliwa ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Maiki hubandikwa kifuani kwa plasta, kama shubiri moja chini ya kidevu, na waya hupigwa kitanzi kidogo ili ukivutika usiing'oe. Ngozi hufutwa spiriti kwanza, maana jasho hubandua plasta. Masharubu ya bandia nayo huanza kubanduka kwenye pembe za mdomo, kwa sababu hapo ndipo uso unapocheza zaidi. Gundi iwepo karibu siku nzima. Kofia ya kiua hupigwa picha kwa simu, mbele na pande zote mbili. Ikikaa upande mwengine mchana, mtazamaji ataiangalia kofia badala ya kusikiliza maneno.

Saa 3:00 mpaka saa 6:00. Picha pana kwanza. Mzee akitikisa bahasha mara tatu kwa mkono wa kulia, basi ni tatu hizo hizo, mkono huo huo, katika kila marudio, la sivyo mhariri hana pa kukata. Marehemu King Majuto, mchekeshaji aliyefariki Agosti 2018, alipikwa na jukwaa kabla ya televisheni, na jukwaani hadhira ndiyo inayokwambia subiri au endelea. Mbele ya kamera hakuna hadhira. Mafundi wanaruhusiwa kucheka kwenye mazoezi tu. Wakati wa kurekodi wanauma vitambaa, kwani kicheko kimoja kikiingia juu ya neno la mwisho, sini inarudiwa yote.

Kisha kuna kunguru. Ndege hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890, na hawajui "kimya!" ni nini. Sentensi iliyoingiliwa hurudiwa hapo hapo, sauti ikiwa bado ina uzito ule ule. Kwa adhana ya adhuhuri, kama saa 6:30, kazi husimama kabisa.

Saa 7:30 mchana. Chakula, kidogo. Wali wa nazi ukizidi, macho huwa mazito na kamera inaona.

Saa 8:30. Picha za karibu, na huu ndio wakati mgumu kuliko yote. Utani umesharudiwa mara nyingi, hakuna anayecheka, na mwigizaji hujaribiwa kuongeza chumvi: anakodoa macho, anapaza sauti. Huko ni kuuharibu. Uso ukijaa kioo, nyusi moja inatosha. Dawa ninayoiamini ni kumsikiliza mshenga kwa dhati, kama barua imefika sasa hivi. Jibu hutoka lenyewe. Vilevile lafudhi ya Kipemba au ya Makunduchi isifanywe ndiyo kichekesho. Mzee achekeshe kwa tamaa yake, na lafudhi iwe ya kwao tu.

Saa 11:00 jioni. Fundi sauti anarekodi sekunde 30 za kimya cha kichochoro, mhariri azitumie kuziba mapengo. Hakuna kuvua viatu wala kukunja nyaya mpaka aseme tayari. Picha zinanakiliwa kwenye diski mbili, zinazoondoka na watu wawili tofauti.

Saa 1:30 usiku, baada ya Magharibi. Mazungumzo ya malipo ya kipindi kijacho. Makubaliano yaandikwe: malipo ni kwa siku au kwa kipindi, na kipindi kikirudiwa hewani au vipande vyake vikitumika kwenye tangazo, mwigizaji anapata nini. Wengi wetu huishi pia kwa ushereheshaji wa harusi na matangazo ya redio, kwa hiyo tarehe za kurekodi nazo ziwekwe kwa maandishi. Baada ya hapo ni maji ya uvuguvugu, koo lipumzike, na kurasa tano za kesho.