Kesi 5, daftari 1 na mama: kumbukumbu ya kucheza Phoenix Wright kwa Kiswahili

Mradi wenyewe ni huu, kucheza gemu ya wakili, Phoenix Wright: Ace Attorney, kesi zote 5 kwenye DS Lite (konsoli ya mkononi ya Nintendo) huku namsomea mama kila neno kwa Kiswahili. Sisemi muhtasari, nasema kila neno la shahidi, kwa sababu hii gemu ukiruka neno moja umeshapotea.

Imeanzia kwenye macho. Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akaambiwa apumzike, asisome kwa muda, na mama ni mtu wa magazeti, tena gazeti likifika haanzi na mpira wala siasa anaanza na habari za mahakamani, nani kapandishwa kizimbani na shahidi kasema nini. Sasa siku ya tatu ya kukaa tu sebuleni nikamwona anaishiwa raha, nikakumbuka nina ile gemu ya wakili nilinunua mtumba na konsoli yake halafu sikuwahi kufika mbali. Nikamwambia mama, nina kesi hapa, nikusomee? Akasema soma baba.

Onyo kwa ambao hamjacheza: kesi ya 1 naieleza yote, hiyo haina madhara maana muuaji anaonyeshwa dakika ya kwanza kabisa. Za mbele nagusa juujuu, ila kuna kifo cha kesi ya 2 nakitaja.

WIKI YA 1, kesi ya 1

Kwanza nimepoteza jioni nzima kwenye maneno. "Objection!" hiyo rahisi, ni Pingamizi, kila anayesikiliza habari za mahakama anaijua. "Hold it!" nimeiweka Ngoja kwanza! Ile "Take that!" ikanisumbua, nilianza na Chukua hiyo mama akasema hiyo ni ya watu wanaopigana, wakili akitoa kielelezo anasema Haya, hiki hapa! Tumebaki nayo. Kule kumhoji shahidi wa upande mwingine ni maswali ya dodoso, na ile orodha ya ushahidi inayokaa kwenye skrini ya chini tunaiita jalada.

Uchezaji wenyewe unaeleweka haraka. Shahidi anatoa maelezo, sentensi nne tano hivi, halafu unazirudia moja moja. Kila sentensi una mawili, umbane aongeze maneno (kitufe cha L) au umtolee kielelezo kutoka kwenye jalada kinachoonyesha kadanganya. Ukitoa kisichohusika jaji anakukata alama, na unazo 5 tu, zikiisha mteja wako kapatikana na hatia. Kuna na kipaza sauti, unashikilia Y unapiga kelele mwenyewe. Mi napiga "Objection!" kwa Kiingereza maana ndivyo mashine ilivyofundishwa, na mama hapo hapo anapiga Pingamizi! kwa sauti ya kuita watu msibani, jirani kashauliza mara mbili kuna nini.

Sasa kesi. Phoenix Wright wakili kijana, kesi yake ya kwanza maishani, anamtetea rafiki yake wa utotoni Larry Butz anayeshtakiwa kumuua mpenzi wake Cindy Stone. Shahidi ni Frank Sahwit, jamaa anayepita nyumba kwa nyumba kuuza magazeti, anasema alimkuta marehemu keshakufa, 1:00 PM. Ripoti ya daktari inasema kafa kati ya saa 10 na saa 11 jioni.

Hapa ndipo nilipoharibu. Ile ripoti niliiandika taratibu kwenye daftari nikaigeuza vizuri kwa saa zetu, ila maelezo ya shahidi nilikuwa nasoma papo kwa papo kutoka kwenye skrini, naona 1:00 nikasema "nilimkuta saa moja". Mama kanyamaza kidogo akasema, "Sasa uongo uko wapi hapo? Kafa saa kumi jioni, huyu kamkuta saa moja jioni, si sawa tu?" Nikaganda. Kweli kabisa, kwa nilivyosoma jamaa alikuwa mkweli, kosa zima la kesi nimelifuta kwa neno moja! Nikarudia: saa SABA mchana. Mama akapiga mkono kwenye kochi, "Kamkuta maiti saa tatu kabla hajafa? Pingamizi!"

Tangu siku hiyo sheria ya daftari ni moja, hakuna saa inayoingia bila kugeuzwa, na lazima niandike asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Shahidi akabadilika, oo alisikia saa kwenye TV. Ila kwenye jalada kuna taarifa kwamba umeme wa jengo lile ulikatika toka saa 6 mchana mpaka saa 12 jioni. Hapa sikuhitaji kueleza chochote, mama anajua umeme ukikatika nini kinaongea na nini hakiongei. Akauliza tu kama ilikuwa redio ya betri, nikasoma tena, hapana, TV. Kielelezo kikatoka.

Akabadilika tena, eti aliona saa ya mezani. Na hiyo saa ya mezani ndiyo silaha iliyotumika kumuua, sanamu ya mtu anayefikiri, ukiiangalia huwezi kujua ni saa mpaka uiinamishe ndo inaongea kukuambia muda. Kwa hiyo alijuaje? Alijua kwa sababu alimpiga nayo ikaongea mkononi mwake. Mi nilidhani tumemaliza, lakini mwendesha mashtaka Winston Payne akasema haya thibitisheni ilisema saa saba wakati mauaji yalikuwa saa kumi. Wanaiinamisha pale pale mahakamani, ni saa 5 na dakika 25 asubuhi, sanamu linasema saa 2 na dakika 25. Iko nyuma saa tatu. Kwa nini?

Hiki kipande ndo kimenifanya nianze kuandika kumbukumbu hii. Mama akauliza, "Hiyo saa mara ya mwisho ilikuwa wapi?" Nikafungua jalada, pasipoti ya marehemu, karudi kutoka Paris siku moja kabla ya kifo. Nikachora mistari miwili kwenye daftari, huu wa kule Marekani huu wa Paris, Paris iko mbele saa 9. Saa 5 na dakika 25 asubuhi ongeza 9 unapata saa 2 na dakika 25 USIKU. Haikuwa nyuma hata kidogo, ilikuwa mbele, ila sanamu haisemi usiku wala mchana. Na saa 10 jioni ya mauaji ongeza 9 ni saa 7 usiku ya Paris. Shahidi alisikia saa saba akaijaza mwenyewe kwamba ni ya mchana. Mama kwa kidole chake akafuata ule mstari kwenye daftari toka kumi mpaka saba ingawa haoni vizuri, akasema rudia. Nikarudia mara tatu. Akasema saba ya usiku na saba ya mchana zimemfunga mtu.

WIKI YA 2, historia kidogo halafu kesi ya 2

Mama aliuliza swali zuri, mbona jaji anaamua peke yake? Kwetu kesi za mauaji Mahakama Kuu jaji alizoea miaka na miaka kukaa na wazee wa baraza, sasa hawa wazee wao wako wapi. Nikamweleza kwamba gemu yenyewe ni ya Kijapani, Capcom waliitoa Japani Oktoba 12, 2001 kwenye konsoli ya Game Boy Advance, mwandishi na mwongozaji ni Shu Takumi, na wakati ule Japani majaji wa kitaalamu ndio walikuwa wanaamua bila raia. Raia wameanza kukaa na majaji kwenye kesi kubwa za jinai Mei 2009. Na kule zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa mahakamani kwa jinai hukutwa na hatia, kwa hiyo wakili wa utetezi anayeshinda kila mara ni ndoto ya aina fulani. Toleo la Kiingereza likahamishia mambo Marekani lakini mahakama ikabaki na roho yake ya Kijapani. Na kwa Kijapani Phoenix anaitwa Naruhodo, neno ambalo mtu hulisema akielewa jambo ghafla. Mama akasema kumbe! Nikamwambia ndo hilo hilo, wakili Kumbe. Sasa hivi nyumbani hakuna anayemwita Phoenix.

Kesi ya 2 imeanza vibaya kwetu. Mia Fey, yule dada bosi wake Phoenix aliyekaa naye kesi ya 1 nzima akimwelekeza, anauawa ofisini kwake, na anayeshtakiwa ni mdogo wake Maya. Nilisoma mpaka Phoenix anamkuta chini ya dirisha, mama akasema basi kwa leo. Siku iliyofuata pia hakutaka. Siku ya tatu akaniita mwenyewe, "Njoo, yule mtoto yuko rumande peke yake."

Ugumu wa kutafsiri hapa ni mwingine. Kiswahili "alimkimbilia akampiga" haisemi nani mwanamume nani mwanamke, na wanawake wako wengi kwenye hii kesi, ikabidi kila mara nitaje, yule binti, yule marehemu, yule jamaa. Nikiacha wazi mama anaweza kukosa kitu ambacho shahidi kakitenganisha waziwazi kwa Kiingereza. Hii imenipunguza mwendo sana, ukurasa mmoja wa maelezo dakika ishirini, lakini nimegundua ndo raha yenyewe maana hakuna sentensi inayopita bila kuonekana.

Na Edgeworth! Mwendesha mashtaka Miles Edgeworth. Jina la Maya limeandikwa kwa damu kwenye karatasi kando ya maiti, sisi tunayo ripoti ya daktari inasema kafa papo hapo, kwa hiyo asingeweza kuandika. Mama kasimama kabisa, Pingamizi! Edgeworth anatulia, anatoa ripoti mpya, kwamba huenda alibaki hai dakika chache. Nguvu zote zimetuishia. Mama alikasirika kweli, anasema ripoti ya daktari ikibadilika upande mmoja unapewa lini kuisoma? Nadhani ni kipande bora kuliko vyote mpaka sasa, kwa sababu hasira unayoipata ni ya mtu aliyejiandaa vizuri.

Tumeshinda Ijumaa usiku.

WIKI YA 3, kesi ya 3

Hii ni ya studio za filamu, mwigizaji Will Powers anayecheza shujaa wa watoto anashtakiwa kumuua mwenzake. Ndefu, inazunguka sana na kuna kutembea huku na huku kuonyesha watu vitu mpaka mmoja aseme. Mimi imenichosha katikati. Mama hapana, yeye kampenda yule mama mlinzi wa geti Wendy Oldbag, anaongea bila kupumua, na mama kauza vitenge sokoni Tanga miaka mingi, anasema wateja wa namna ile ndio wazuri, waache waongee, watakwambia wenyewe. Kwa hiyo tumembana kila sentensi, kila moja, na kweli maneno ya maana yamo humo ndani.

Ila nilifanya kosa la kusevu. Toleo hili lina nafasi moja tu ya kusevu, mi usiku usingizi umenishika nimebakiwa na alama 1 katikati ya maswali ya dodoso nikasevu nikalala. Kesho yake kubahatisha mara moja, kwisha. Ikabidi turudi mwanzo wa ile siku ya kesi, saa moja na nusu ya kusoma upya. Sasa kabla sijasevu naandika kwenye daftari alama zilizobaki, zikiwa chini ya 3 sisevu juu ya ile ya zamani.

WIKI YA 4, kesi ya 4

Tuko hapa. Edgeworth mwenyewe ndo mshtakiwa, na mama aliyemchukia wiki mbili nzima sasa anaulizia kama amekula. Mwendesha mashtaka mpya ni Manfred von Karma na huyu anaogopesha, anamwamrisha mpaka jaji.

Nyuma ya kesi hii kuna kesi ya zamani ya mauaji inaitwa DL-6, miaka 15 imepita na muda wake wa kushtaki unaisha ndani ya siku hizi hizi. Mama alikataa kabisa, mauaji yanaishaje muda? Nikamweleza, Japani wakati gemu inatengenezwa sheria ilikuwa hivyo kweli, miaka 15, mwaka 2005 wakapandisha ikawa 25, na 2010 wakaufuta kabisa kwa mauaji. Alinyamaza muda mrefu. Akasema kwa hiyo kuna watu walikuwa wanahesabu siku kwenye kalenda.

Jana tumefika kwenye kibanda cha mzee wa boti pale ziwani na ndani kuna kasuku. Ukimuuliza vizuri anasema usisahau DL-6. Mama akanisimamisha niandike neno kwa neno, halafu akasema kasuku hana la kwake, anasema alilofundishwa, kamtafuteni aliyemfundisha. Mi nimeshasikia kwamba huyu kasuku anapandishwa kizimbani na kuhojiwa, sijamwambia.

Kesho saa 2 usiku baada ya taarifa ya habari. Betri imejaa, alama 5 zote zipo, daftari liko ukurasa wa 61. Kliniki ya jicho ni Alhamisi.