Siku Moja Maishani Mwangu: Kusahihisha Michoro ya Ufumaji

Kazi yangu ni kukagua michoro ya ufumaji wa mkono kabla haijachapwa kwenye jarida letu, na kusahihisha ile iliyokwisha kutoka ikiwa na kasoro. Naishi Borås, mji wa nguo magharibi mwa Sweden, ingawa nimezaliwa Pemba na kukulia Tanga. Ndugu zangu wengi huniuliza kazi hii ni kitu gani hasa, kwa hiyo nimeamua kuisimulia siku moja, Jumanne ya wiki hii, saa kwa saa.

Kwa asiyejua ufumaji: kwenye kitanda cha kufumia kuna nyuzi zilizotandwa kwa urefu, huo ndio mtande. Uzi unaopita kwa upana ni mshindio. Kila uzi wa mtande unapitishwa kwenye kitundu chake, na vitundu hivyo vimening'inia kwenye fremu, mara nyingi fremu nne. Ukikanyaga pedali, baadhi ya fremu zinainuka, mwanya unafunguka, mshindio unapita. Mchoro uliochapwa unakuambia uzi upi upite fremu ipi, pedali ipi ifungwe na fremu zipi, na pedali zikanyagwe kwa utaratibu gani. Pembeni kuna orodha ya nyuzi na vipimo. Tarakimu moja ikikosewa popote hapo, anayeumia ni mtu nisiyemjua, aliyeko nyumbani kwake na uzi aliokwisha kuununua.

Saa 2 asubuhi

Naanza na hesabu za uzi kwa sababu zinataka kichwa ambacho hakijachoka. Mezani kuna maelezo ya kitambaa cha kutandika juu ya meza, uzi wa kitani namba 16/2, yaani nyuzi mbili za namba 16 zilizosokotwa pamoja. Mtande ni nyuzi 300, kila mmoja mita 4, jumla mita 1,200. Mbunifu ameandika kwamba gramu 90 zinatosha.

Hazitoshi. Namba ya uzi haina maana mpaka ujue ni uzi wa nini. Katika hesabu ya Kiingereza, pamba hupimwa kwa mafungu ya yadi 840 kwa kila ratili, na kitani kwa mafungu ya yadi 300. Kwa hiyo pamba ya 16/2 inatoa karibu mita 13,500 kwa kilo, na kitani cha 16/2 kinatoa karibu mita 4,800 tu. Namba zinafanana, uzi haufanani hata kidogo. Gramu 90 ni jibu sahihi la pamba. Kwa kitani zinahitajika gramu 250, na hapo mshindio haujaguswa.

Kosa hili nalikuta mara kwa mara, na chanzo chake karibu kila mara ni kilekile: mbunifu alifuma jaribio la kwanza kwa pamba, akalipenda, akafuma la pili kwa kitani, akasahau kubadilisha safu moja ya jedwali. Pamba nayo ina mtego wake. Namba 8/2 kwa hesabu ya Kiingereza ni karibu mita 6,800 kwa kilo, lakini kwa hesabu ya kimetriki ni mita 4,000. Ndiyo maana nashikilia kila maelezo yaandike mita kwa kilo kando ya namba ya uzi. Wabunifu wengine wanaona nawasumbua. Nitaendelea kuwasumbua, kwa sababu mfumaji aliyeishiwa uzi katikati ya kutanda mara nyingi hapati tena rangi ile ile. Uzi wa kundi jingine la rangi huonekana waziwazi kwenye kitambaa.

Saa 4

Nahamia kwenye kitanda. Kuna makosa ambayo karatasi inayaficha, na dawa yake ni kufuma. Leo ni foronya yenye ufumaji wa hanamu, ule wa kitambaa cha jinzi, ambamo uzi wa mtande hupita juu ya mishindio mitatu ukazama chini ya mmoja. Jinzi ni ya buluu kwa nje na nyeupe kwa ndani kwa sababu hiyo: mtande wa buluu unatawala upande mmoja, mshindio mweupe upande wa pili.

Mchoro ulitoka kwa mbunifu wa Marekani. Kwenye michoro ya Kimarekani duara huwa na maana kwamba fremu inainuka, na alama ya X kwamba inashuka. Vitanda vingi vya huko pedali yake huinua fremu tu. Vitanda vikubwa vya Sweden, vingi vyao, pedali moja huinua baadhi ya fremu na kushusha zilizobaki kwa pamoja. Mchoraji wetu alipouchora upya alibadilisha kila duara kuwa X ili ufanane na michoro mingine ya toleo hilo. Kwa jicho ni jambo dogo. Nilipofuma upana wa kiganja tu, kitambaa kilitoka cheupe mbele yangu, wakati picha ya mbunifu ni ya buluu.

Nikainama kuangalia chini: buluu yote iko upande wa sakafuni.

Wapo watakaosema kitambaa ni kilekile, kigeuze tu. Sikubaliani nao. Anayefuma huku uso wa kitambaa umetazama chini haoni makosa yake. Uzi ukikatika au ukiruka, ataligundua siku ya kukata kitambaa kitandani, wakati hakuna tena la kufanya. Halafu mbunifu huyu ameagiza uzi wa rangi ya tatu utiwe kwa mkono upande wa juu. Kwa mchoro uliogeuzwa, pambo lote lingekaa ndani ya foronya. Kwenye hanamu ya mbili juu mbili chini kosa la namna hii hupita bila mtu kulihisi, kwa sababu pande zote mbili zina mtande na mshindio sawa. Ndiyo sababu michoro ya namna hiyo hukaa na kosa miaka mingi bila yeyote kulalamika, mpaka mtu achukue alama zake azitumie kwenye kitambaa kingine.

Nimerudisha maduara. Tena nimeomba ukurasa wa kwanza wa maelezo useme kwa maneno, si kwa alama peke yake: fremu hizi zinainuka.

Saa 6 na nusu mchana

Chakula, na simu ya Pemba. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, ushakula?" Shangazi yangu husuka ukili na kushona mikeka tangu kabla sijazaliwa, na huzungumza nami mikono yake ikiendelea. Yeye hana mchoro. Akisahau mwaa mmoja, ukili unapungua upana na vidole vinamwambia hapo hapo. Nilimweleza habari ya ile foronya akaniuliza, "Na huyo aliyechora, yeye hakuifuma?" Swali hilo nililipeleka ofisini jinsi lilivyo.

Tukiongea huwa nakumbuka kwamba pwani yetu nayo ilifuma pamba. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vimefukuliwa Kilwa na Shanga ya kisiwa cha Pate, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa huko zikipelekwa hadi Misri. Karne ya kumi na tisa ikaja merikani, ile pamba ya viwanda vya Marekani, na vitanda vingi vya pwani vikanyamaza. Kila nikikuta mchoro mzee uliochapwa ovyo, moyo wangu unakwenda kwa wafumaji wale.

Saa 8

Barua ya siku. Mfumaji mmoja ametanda mtande wa mataulo ya jikoni kutoka toleo letu lililopita, amepitisha nyuzi zote kama ilivyoelekezwa, na amebakiwa na nyuzi 24 mkononi. Anauliza kwa upole amekosea wapi. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma katika barua hizi. Karibu wote huanza kwa kujilaumu.

Maelezo yanasema mtande una nyuzi 400. Ukingo wa kulia ni nyuzi 8, kisha pambo la nyuzi 24 linalorudiwa mara 15, kisha ukingo wa kushoto nyuzi 8. Nikapiga hesabu: 24 mara 15 ni 360, ongeza 16, unapata 376. Kwa hiyo kuna tarakimu mbili zinazopingana, na moja tu ndiyo kosa. Ni 400 au ni 15?

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachagua tarakimu iliyo rahisi kubadilisha, wanaandika jumla mpya, hesabu inakaa sawa na kosa linabaki. Mimi huuliza kitambaa chenyewe. Upana uliochapwa ni sentimita 50, chanuo, kile kifaa cha meno kinachozipanga nyuzi kwa nafasi sawa, lina meno 40 kwa kila sentimita 10, nyuzi mbili kwa kila jino, yaani nyuzi 8 kwa sentimita. Nyuzi 400 zinatoa sentimita 50 kamili, na 376 zinatoa 47. Nikatoa taulo la mbunifu kabatini nikahesabu mapambo kwa sindano: 16. Basi jumla ni sahihi, na 15 ndiyo iliyokosewa.

Saa 9 na nusu

Mhariri alikuwa ameshaandaa sahihisho kwa ajili ya toleo lijalo: "Badala ya 15, soma 16." Ni sahihi na linaingia kwenye mstari mmoja. Nikapanda kwenda kuzungumza naye, na mazungumzo yakawa marefu.

Hoja yangu ni kwamba sahihisho la namna hiyo linamfaa mtu mmoja tu, yule ambaye hajaanza. Mataulo yale yalichapwa miezi iliyopita. Wapo waliokwisha kupitisha nyuzi na wapo waliokwisha kufuma. Hao ndio ambao kosa letu liliwafikia, na mstari ule hauwaambii chochote ila kwamba wamepata hasara.

Lakini hasara si kubwa kama inavyoonekana, mradi tuwaeleze. Aliyekwisha kupitisha nyuzi asifumue kazi nzima. Avute zile 8 za mwisho za ukingo wa kushoto, azijumlishe na 24 zilizobaki, apate 32: apitishe pambo moja zaidi, kisha ukingo upya. Kazi ya robo saa badala ya jioni nzima. Kama ameshaingiza nyuzi kwenye chanuo, mtande utakuwa umehama sentimita moja na nusu kutoka katikati. Kwa kitambaa cha upana huu mimi ningefuma hivyo hivyo. Na aliyekwisha kufuma ana taulo la sentimita 47 lenye ukingo sawa pande zote mbili, halina dosari yoyote. Aambiwe hivyo, asije akalitupa.

Mhariri alitaja nafasi. Sehemu ya masahihisho ni robo ya safu, na tangazo limeshalipiwa. Nikamwambia ukweli wangu: tulitumia kurasa nne kumwonyesha mtu taulo zuri, tusishindwe kumpa mistari minane ya kumtoa kwenye shimo tulilomchimbia. Hakufurahi mara moja. Alichukua kalamu, akapunguza maneno yangu mpaka yakawa mistari sita, na kwa kweli yakawa bora kuliko nilivyoandika mimi. Watu watatu wote wamebaki ndani yake.

Saa 11 jioni

Kabla ya kufunga nilikuwa na mchoro wa blanketi la zamani la Kimarekani. Mapambo ya namna hii wafumaji wa huko waliyarithishana kwenye vipande virefu vya karatasi, na katika miaka ya 1920 Mary Meigs Atwater aliyakusanya na kuyachapa kwa wingi ili yasipotee. Ulaya michoro ilianza kuchapwa mapema zaidi, Marx Ziegler wa Ulm, Ujerumani, alitoa ya kwake mwaka 1677. Mchoro ukinakiliwa kwa mkono vizazi na vizazi hudondosha uzi njiani, si ajabu.

Blanketi hizi zina kipimo kizuri cha kuzikagua. Pambo hufumwa juu ya ufumaji wa kawaida wa uzi juu uzi chini, na huo hutokana na kuinua fremu 1 na 3, kisha 2 na 4. Kwa hiyo namba za fremu lazima zipokezane, witiri na shufwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Napitisha kidole kwenye mstari na midomo inasoma. Mahali fulani nikakuta 4-3-4-2-3-2. Nne ikifuatwa na mbili, shufwa mbili pamoja. Kwenye ufumaji huo wa kawaida nyuzi hizo zingeinuka pamoja kila mara, na blanketi lingekuwa na mstari mnene kutoka kichwani hadi miguuni.

Lipi lilipotea? Pambo hili ni la pande mbili zinazotazamana, basi nikaenda upande wa pili nikausoma kinyumenyume: 4-3-4-3-2-3-2. Tatu moja ilikuwa imedondoka. Nimeirudisha, na jumla ya nyuzi ikapanda kwa mmoja kama inavyotakiwa. Nimeongeza pia maelezo kwamba uzi huo umerudishwa na sisi, na kwa sababu gani, ili mwenye karatasi ya asili akiona vingine aweze kutusahihisha.

La mwisho lilikuwa faili ya mataulo. Wafumaji wengi siku hizi hawasomi mchoro kwenye karatasi. Wanapakua faili ya WIF, muundo uliobuniwa miaka ya 1990 ili programu za ufumaji zisomane, na kitanda chenye kompyuta kinafuata kilichomo bila kuuliza. Ndani yake ni maandishi ya kawaida, kila uzi na fremu yake. Nikaifungua nikitarajia nyuzi 376. Zilikuwa 400, mapambo 16. Mbunifu alikuwa ametuletea faili sahihi, na kosa liliingia kwetu wakati wa kupanga ukurasa. Nilimwandikia kumwambia hivyo, maana tangu barua ya mchana jina lake ndilo lililokuwa likitajwa ofisini. Kisha nikamwomba mhariri aongeze maneno matatu mwanzoni mwa sahihisho: "Kosa ni letu." Ameyaongeza.