Mnara wa Mbuzi

Nilipoiona kwa mara ya kwanza picha ya mnara wa mbuzi, nilidhani ni mzaha wa tajiri aliyekosa shughuli: mnara mwembamba wa matofali, vidato vikiuzunguka kwa nje kuanzia chini hadi juu, na kwenye tundu la juu kabisa mbuzi mweupe akichungulia kama mwenye nyumba anayesubiri mgeni.

Mnara wa zamani unaojulikana zaidi uko katika shamba la mizabibu la Quinta da Aveleda, kaskazini mwa Ureno, nao ni wa karne ya 19. Mwaka 1981 shamba la Fairview, mjini Paarl, Afrika Kusini, lilijenga wake, na mwaka 1998 ukasimama mwingine Findlay, katika jimbo la Illinois, Marekani, wenye urefu unaozidi mita 9 na vidato 276.

Siku hizi sicheki tena, kwa sababu nimeitazama kwato ya mbuzi kwa karibu. Imepasuka pande mbili zinazoweza kutanuka na kubana jiwe. Ukingo wake ni mgumu na hushika ncha ya mwamba, ilhali sehemu ya ndani ni laini na huzuia kuteleza. Mnyama mwenye kwato ya namna hiyo, ukimfungia kwenye zizi lenye sakafu tambarare, atapanda hori, atapanda ua, na mwishowe atakuwa shambani kwa jirani.

Lipo pia suala la nani humtawala nani. Kundi la mbuzi lina wakubwa na wadogo wake, na mnyonge anayepigwa pembe kila anaposogelea majani huhitaji mahali pa kukimbilia. Hapo ndipo ninapoutilia shaka mnara, pamoja na uzuri wake wote: njia ni moja na nyembamba, kwa hiyo mnyonge akikutana na mbabe katikati ya vidato hana budi kurudi kinyumenyume au kuruka. Mimi ningejenga majukwaa mapana ya ngazi tofauti, yenye njia mbili za kushukia, na juu yake ningetia mbao zenye mikwaruzo ili mvua isiyafanye kuwa utelezi.

Picha nzuri zitapungua, nakubali. Hata hivyo, mwanambuzi wa wiki moja hangojei fundi. Mama yake akijilaza tu, tayari yuko mgongoni, miguu yote minne imekusanywa pamoja, akitafuta pengine pa kurukia.