Funzo la riwaya halikai ukurasa wa mwisho

Kijana akiulizwa riwaya imemfunza nini, mara nyingi hujibu kwa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo amehukumu tu, hajasoma. Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Wengi huishia kusema Rosa, msichana wa riwaya hii, alipotea njia. Rudi nyuma, kwenye barua ambayo kijana Charles alimwandikia Rosa: Zakaria, baba yake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua tu. Msichana anafunzwa kuwaogopa wanaume, hafunzwi kuwajua. Uhuru unapomfikia, unamkuta mikono mitupu. Funzo liko hapo, na linamhusu mzazi kuliko binti.

Ili kulifikia, gawa ukurasa wa daftari safu mbili. Kushoto andika uamuzi wa mhusika na namba ya ukurasa. Kulia, nini kilimsukuma na njia gani nyingine alikuwa nayo. Maamuzi matano yanatosha riwaya nzima. Safu ya kulia ikibaki tupu, soma sura ile upya.

Tafadhali usimwandikie kijana jibu. Akishanakili la mwalimu, mhusika hamgusi tena. Muulize: ungekuwa Regina, mama yake Rosa, ungesema nini siku ile ya kipigo? Kisha nyamaza, mpe muda.