Leza nyeupe, na ile namba ya wati inayotuzuga

Leza tuliyofundishwa wote ni ya rangi moja. Ya kwanza kabisa, ile ya rubi aliyoiwasha Theodore Maiman mwaka 1960, ilitoa wekundu wa nanomita 694 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake) na basi, na toka hapo ukisema leza mtu anawaza rangi moja iliyonyooka. Kwa hiyo siku ya kwanza kuona leza nyeupe nilidhani kuna mtu kasahau kuzima taa. Mwanga unatokea kwenye ncha ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, ukiuweka prizimu mbele unapata upinde wa mvua mzima ukutani, halafu ukitoa prizimu unarudi kuwa mstari mmoja mweupe, umenyooka mpaka mwisho wa chumba.

Wenyewe wanaiita supakontinumu, na sio kitu cha jana. Wanafizikia Alfano na Shapiro waliipata 1970 kwa kupiga mapigo makali (mimweko mifupi sana) ya leza ya kijani ndani ya kipande cha kioo, upande wa pili ukatoka mwanga wa rangi zote. Ila ilibaki kitu cha maabara kwa muda mrefu, mpaka ikaja faiba yenye vitundu. Hii ni kazi ya Philip Russell na wenzake miaka ya tisini, yaani uzi wa kioo ambao kiini chake kimezungukwa na vitundu vya hewa toka mwanzo hadi mwisho. Ukicheza na ukubwa wa vitundu na nafasi kati yake unapanga mwenyewe rangi ipi itembee kwa kasi gani humo ndani, na hiyo ndo siri yote, maana mpigo wa mwanga ukitawanyika mapema unapoteza makali kabla haujafanya lolote. Mwaka 2000 watafiti Ranka, Windeler na Stentz wakatoa matokeo yao, sentimita 75 tu za faiba hiyo na mwanga umetanuka kutoka nanomita 400 hadi 1600. Aisee.

Piga hesabu uone kinachotokea mle. Chukua leza ya wati 10, mapigo milioni 80 kwa sekunde, kila pigo lina pikosekunde 10 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde). Kila pigo linabeba nanojuli 125 tu, unaweza kuidharau, lakini kwa sababu limebanwa kwenye muda mfupi hivo kilele chake kinapita kilowati 12, na zote hizo zinapita kwenye kiini cha maikromita 5 hivi, chembamba kuliko unywele mara nyingi tu. Kioo hakiwezi kukaa kimya hapo. Tabia yake inaanza kufuata ukali wa mwanga wenyewe, rangi mpya zinazaliwa na zile mpya nazo zinazaa zingine, solitoni (mapigo yanayojishikilia yasitawanyike) zinateleza kuelekea infraredi, mwanga usioonekana uliopita wekundu, na huku nyuma buluu inachomoza.

Sasa turudi kwenye wati, maana hapa ndo niliponaswa. Tulikuwa tunatafuta chanzo cha mwanga kwa ajili ya hadubini, muuzaji mmoja akaja na namba yake kubwa, wati 8, na mi nikaona hii si itatuunguza kabisa. Wati 8 hizo zimesambaa toka nanomita 400 mpaka 2400. Gawanya, ni miliwati 4 kwa kila nanomita. Ukikata kipande cha nanomita 10 unabaki na miliwati 40, bado filta haijala chake. Na huo ni wastani tu, kwenye buluu kunakuwa kukavu zaidi, sehemu kubwa ya mwanga iko infraredi, na pale nanomita 1064 kuna mlima wa leza ya kusukumia, ile inayoingiza mwanga kwenye faiba, ambao kwetu hauna kazi yoyote. Kwa hiyo siku hizi naulizia miliwati kwa nanomita kwenye rangi ninayoitaka, mengine baadaye.

Lakini msinielewe vibaya, hizo miliwati 40 ni za moto. Zote zinatoka kwenye kitundu kimoja na kuelekea upande mmoja, unaweza kuzikusanya kwenye doa la chini ya maikromita moja. Balbu hata uipe wati elfu haikufikishi hapo, lenzi haiwezi kuukusanya mwanga ukawa mkali kuliko ulivyokuwa kwenye balbu yenyewe.

Kingine ambacho matangazo yanakiruka ni kelele, yaani kuyumba kwa mwanga. Kwenye leza nyingi za aina hii utanukaji unaanzia kwenye vurugu ya kwantamu, ile bahati nasibu ya asili ya mwanga wenyewe, kwa hiyo kila pigo linakuja na sura yake. Kamera ya taratibu inachanganya mapigo mamilioni na huoni kitu, ila wanaopiga picha za tabaka za jicho kwa kasi wanaiona, na wao ndo wanaupenda huu mwanga kuliko wote kwa sababu ukitanuka zaidi wanaona tabaka nyembamba zaidi. Zipo faiba tulivu zinazosukumwa na mapigo ya femtosekunde (mafupi kuliko pikosekunde mara elfu), unapata utulivu unalipia kwa upana.

Kwa wanaopima gesi kwa mwanga ni habari nyingine. Kioo cha kawaida kinaacha kupitisha mwanga karibu na nanomita 2400 na methani inanyonya mwanga kwenye 3300, hivo inabidi uende kwenye kioo cha floridi.

Halafu usalama. Miwani ya leza inazuia rangi fulani, sasa hii ina rangi zote, miwani ya kuzuia zote ukivaa huoni hata meza. Na sehemu ya ile infraredi inafika mpaka nyuma ya jicho bila wewe kupepesa. Ya kwetu tumeifungia kwenye boksi jeusi, ukifungua kifuniko inajizima, na ule upinde wa mvua ukutani sijauona tena.