Nikifa nani atanikosha?

Mwaka ule wa kipindupindu, 2016, tupo Pemba, bibi yangu alishikwa na tumbo la kuharisha usiku, na neno la kwanza alonambia halikuwa maji wala dawa, kanishika mkono kanambia, "Mjukuu wangu usinipeleke kule kambini, nikifa nani atanikosha?" Mie simu nshaishika nataka kuita gari, nikaiweka chini. Sikuwa na jibu wallahi.

Alikuwa na sababu. Wiki mbili nyuma kafa mzee mmoja jirani yetu, kafia kambi ya wagonjwa, na mimi nlikuwepo pale getini. Mdogo wake kaja na sanda kaikunja chini ya kwapa, na kafuri kaifunga kwenye kipande cha karatasi, kasimama anangoja aitwe akamkoshe kaka yake, hakuitwa. Maiti ikatoka imeshafungwa kwenye mfuko wa plastiki, inanuka klorini, wamebeba watu wamevaa glavu na maski hata hujui ni nani, ikaenda ikazikwa. Yule mdogo mtu bado ile karatasi anayo mkononi, anaifunua anaifunga, anaifunua anaifunga.

Baada ya siku ile mtaani kwetu watu wakaanza kuficha wagonjwa. Na hapa ndo naumia, kwa sababu kipindupindu kinaua kwa kumaliza maji mwilini, ndani ya masaa tu mtu anaweza kuondoka, lakini akipata maji ya chumvi na sukari na dripu mapema basi wanaokufa hawafiki hata mmoja katika mia. Serikali ilifunga skuli, ikapiga marufuku kuuza chakula na juisi nje, watu wakatii. Kambi ndo walioikimbia, na si kwa ujinga, kipindupindu wanakijua vizuri sana, walichokiogopa ni kufa peke yako ukazikwa na watu wasiokujua.

Na si sisi tu. Liberia mwaka 2014, wakati wa Ebola, serikali iliamuru maiti za Monrovia zichomwe moto, watu wakaficha wagonjwa wao na maiti wao wakazika usiku. Madaktari hawakukosea, maiti ya Ebola kweli inaambukiza na kuikosha kuliua watu wengi mno. Mpaka Novemba mwaka ule Shirika la Afya Duniani likatoa muongozo mpya, familia ishirikishwe, viongozi wa dini wawepo, Muislamu afanyiwe tayamamu, yaani kutwaharishwa bila maji, na azikwe kwa sanda. Maelfu walikuwa wameshakufa.

Halafu kuna maradhi ambayo yalitakiwa yatutishe na hayatutishi hata kidogo. Kichocho. Sie watoto tulikuwa tunaoga kwenye vijito na madimbwi, mtoto wa kiume akikojoa damu wenzake wanamwambia ushakuwa mkubwa, na wazee hawashtuki maana na wao walikojoa hivo hivo. Kinaharibu kibofu na figo taratibu, miaka na miaka, ila hakikutengi na watu wako, ukikojoa damu bado unakula sahani moja na ndugu zako. Mimi naona hofu ya mtu inakwenda huko, kwenye kile maradhi yatakachomnyang'anya mbele ya watu wake, haiendi kwenye idadi ya vifo inayosomwa redioni.

Basi usiku ule nikampa bibi maji ya chumvi na sukari kikombe kikombe, shangazi akabaki nae, mie nikatoka mbio kwa bwana afya mmoja tunaemjua nikamgongea mlango. Nikamuuliza waziwazi, akifa huko itakuwaje? Hakunikasirikia. Akasema watu wawili wa kwenu mtavishwa glavu na gauni, mtamkosha kwa maji ya klorini sisi tunasimama pembeni, na sanda leteni yenu. Nikamwambia mbona yule mzee hakufanyiwa hivo, akainamisha kichwa, akasema siku zile tulikuwa hatujajipanga.

Nikarudi nikamwambia bibi vile vile kama nlivoambiwa, neno kwa neno. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Na shangazi yako ataruhusiwa kuwa mmoja?" Nikamwambia ndio.

"Haya, nipeni kanga yangu ile mpya twende."