"Ticha, bado ipo"

Tangu Jumanne maneno haya matatu hayajanitoka kichwani. Mtoto wa darasani kwangu alikuwa kwenye mkeka wa kutulia nyuma ya mlango, mashavu yamelowa, kiganja juu ya tumbo kama alivyofundishwa kutuliza hasira. Alivuta pumzi kwa pua, hesabu ya tatu, akaitoa kwa mdomo, hesabu ya tano, taratibu kama anayepoza uji. Akaninong'oneza: "Ticha, bado ipo." Nami nikamjibu: "Pumua tena."

Akapumua tena. Akanitazama.

Mkaguzi wa shule amekuja na kuondoka, mimi ningali kwenye mkeka ule.

Pumua tena! Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua. Kazi yake inaishia hapo. Hasira ilikuwa na sababu: nusu penseli yake, ile aliyokatiwa nyumbani agawane na dada yake, ilikuwa mfukoni mwa mwenzake. Nilipaswa kuchuchumaa macho yetu yalingane, nishushe sauti, niseme kwa Kilugbara cha kwao: "Ndiyo, ipo. Amechukua penseli yako." Maneno machache, maana mtoto anayelia hasikii sentensi ndefu. Kisha pumzi. Kisha penseli irudi.

Mwenzangu anasema fimbo ingemaliza mapema. Sheria ya watoto hapa Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 iliipiga marufuku shuleni, na hata isingepigwa marufuku, aliyechapwa ananyamaza kwa woga tu, moyo bado unamwenda mbio.

Kupumua tunafanya kila asubuhi baada ya kuita majina, darasa zima, mara tatu tu. Wakizidisha wanapata kizunguzungu. Ukingoja mtoto alipuke ndipo umfundishe, umechelewa. Mabega yakipanda, anapumulia kifuani: mlaze chali, mwekee daftari tumboni alione likiinuka na kushuka. Na mkeka usiwe adhabu hata siku moja. Ukimpeleka mmoja pale kwa kosa, wengine wote watauogopa.

Ijumaa nilileta chupa mpya ya kutulizia. Chupa ya maji ya nusu lita, maji ya uvuguvugu hadi robo tatu, vijiko vinne vikubwa vya gliserini ile ya kupaka, kijiko kidogo cha unga wa kumetameta, kifuniko nikakigandisha kwa gundi. Bila gliserini unga unazama upesi mno. Sabuni nayo inajaza povu, hawaoni kitu. Ukitikisa, mtoto anatazama mpaka chembe ya mwisho itue.

Saa nne, kabla ya uji, wakati njaa inapowachokoza wote, msichana mmoja akaanza kulia. Mtoto wangu wa Jumanne akainuka bila kutumwa, akamshika mkono hadi mkekani, akamuuliza: "Ipo?" Msichana akaitikia kwa kichwa. Akampa chupa, akakaa kando yake, kimya. Nilishika chaki nikashindwa kuandika.

Mvua imetupita tena leo. Mahindi ya Mama yameanza kujikunja majani, na mbegu ya kurudishia hatuna.